Kompyuta au PS? Hesabu ya Tarbaj si ya Tokyo

Sony ilipoanza kuuza PlayStation 2 barani Ulaya mwaka 2000, ndani ya boksi kulikuwa na diski ya maonyesho yenye Yabasic, programu ndogo inayomwezesha mtu kuandika programu zake mwenyewe. Wachezaji wengi hawakuigusa. Lakini ilikuwa na kazi yake: Umoja wa Ulaya ulikuwa ukitoza ushuru mashine za gemu huku kompyuta zikipita bure, na Sony ilitaka PS2 ihesabiwe kuwa kompyuta. Watu wa forodha wakakataa. Shauri likafika mahakama ya Umoja huo mjini Luxembourg, ambayo mwaka 2003 ilifuta uamuzi wa kuiweka PS2 kwenye kundi la mashine za gemu. Kwa hiyo ubishi unaowakesha vijana barazani, kwamba PlayStation na kompyuta ni jamii moja au mbili, uliwahi kuwashughulisha mawakili na majaji, tena kwa miaka.

Afrika Mashariki nayo ina jibu lake la kiforodha. Katika ushuru wa pamoja wa Jumuiya, laptopu huingia bila ushuru wa forodha, ilhali mashine za gemu zimepangwa pamoja na vifaa vya burudani na hazipati nafuu hiyo. Ina maana PS na laptopu zikiwa bado ndani ya kontena pale bandarini Mombasa, bei zake zimeshaanza kuachana. Na safari bado ni ndefu kwa ile inayokwenda Tarbaj, mji mdogo wa Kaunti ya Wajir kwenye njia itokayo Wajir kuelekea Kotulo, Elwak hadi Mandera. Tarbaj ni jina la mji na pia la eneo bunge, mojawapo ya sita katika kaunti iliyohesabiwa watu 781,263 kwenye sensa ya 2019.

Kwa kawaida mabishano haya hukwama kwenye boksi: nani ana picha kali, nani anatoa fremu nyingi kwa sekunde. Kwa mtu wa Tokyo, ambaye umeme haumkatikii na intaneti haimsumbui, kipimo hicho kinatosha. Tarbaj hakitoshi. Anachonunua kijana wa huko ni mechi: robo saa ya kucheza, skrini ikiwaka, padi mkononi, mwenzake kando, watazamaji nyuma. Ukiuliza robo saa hiyo inagharimu kiasi gani na ina uhakika gani wa kufika mwisho, kompyuta na PS zinalinganishika vizuri kabisa, na jibu linalotoka halifanani na lile la majarida ya gemu ya ng'ambo.

Tumalize kwanza habari ya vyuma, maana ndiyo rahisi. Zamani mtu angeweza kusema vitu hivi havilinganishiki na akaeleweka. PS3 ya mwaka 2006 iliendeshwa na Cell, chipu ya Sony, Toshiba na IBM, ambayo mwandishi wa programu za kompyuta alilazimika kujifunza upya jinsi ya kuitumia. Ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 2010 Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha PS3 zipatazo 1,760 zikawa kompyuta moja kubwa ya utafiti. Cha kuchekesha, mwaka huohuo Sony iliwaondolea wanunuzi wa PS3 ruhusa ya kuweka Linux, yaani iliifungia mashine yake isitumike kama kompyuta, miaka kumi tu baada ya kuipigania PS2 iitwe kompyuta.

Tofauti hiyo ya chipu ilikwisha mwaka 2013. PS4 na Xbox One zilitoka na chipu za AMD za ukoo mmoja na zile za kompyuta za ofisini, na PS5 na Xbox Series X za Novemba 2020 zikaendelea hivyo hivyo. PS5 ilitoka na prosesa ya viini 8, memori ya GB 16 na hifadhi ya GB 825. Hiyo ni kompyuta, isipokuwa aliyeinunua hana ruhusa ya kufanya nayo apendavyo. Mwenye kompyuta huongeza memori, hubadilisha kadi ya picha, hupachika viraka kwenye gemu ya soka ya PES 2013 hadi timu zikavaa jezi za msimu huu. Mwenye PS hupokea kile ambacho Sony imeamua apokee.

Hata bei ya dukani haisemi ukweli wote. PS5 ilipotoka iliuzwa dola 499, na hadi katikati ya 2021 ilikuwa ikiuzwa kwa hasara. Agosti mwaka huo ndipo Sony iliposema PS5 ya bei hiyo haiitii tena hasara. Kampuni hurudisha fedha zake kwenye gemu na ada za mwezi. Muuzaji wa kompyuta hana pa kurudishia, kwa hiyo faida yake anaichukua mapema, siku unapomlipa. Anayeweka vitambulisho vya bei viwili kando kwa kando na kutangaza kwamba PS ni nafuu amehesabu nusu ya deni.

Jambo la pili linaloharibu ulinganisho ni majina. Watu wawili wanaweza kusema wanacheza FIFA 22 na kila mmoja akawa na gemu yake. Toleo la PS5 lilikuwa na HyperMotion, teknolojia mpya ya miondoko ya wachezaji. Toleo la kompyuta halikuwa nayo, lilijengwa juu ya lile la PS4. Mwenye kompyuta ya bei mara tatu ya PS5 alikuwa akicheza gemu ya kizazi kilichopita. Haikuwa mara ya kwanza: FIFA 14 ilifanya vivyo hivyo, ikazinyima kompyuta injini mpya iliyopewa PS4 na Xbox One. Safari hii mambo yalikuja kuwa sawa kwenye FIFA 23, ambayo ndiyo ya mwisho kubeba jina hilo kabla EA, kampuni inayoitengeneza, haijaachana na shirikisho la soka duniani na kuita gemu yake EA Sports FC. Kwa hiyo yeyote aliyewahi kupima mashine hizi kwa kutumia FIFA 22, tena wako wengi, alikuwa akipima maamuzi ya EA.

Mabaya yamekwenda pande zote. Juni 2015 Batman: Arkham Knight ilitoka kwenye kompyuta ikiwa mbovu hivi kwamba Warner iliiondoa sokoni, wakati wenye PS4 walikuwa wakiifurahia. Desemba 2020 ikawa zamu ya wenye PS4: Cyberpunk 2077 iliwagandia na kuwazimikia, Sony ikaiondoa kwenye duka lake hadi Juni 2021, huku mwenye kompyuta kali akiendelea kucheza. Grand Theft Auto V iliwachelewesha wenye kompyuta kuanzia Septemba 2013 hadi Aprili 2015, na GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series bila kompyuta kutajwa.

Halafu kuna haki baina ya wachezaji wenyewe. Mausi hulenga haraka kuliko kidole gumba juu ya padi, hilo halina ubishi. Microsoft ilijaribu kuwakutanisha wachezaji wa Xbox 360 na wa Windows katika Shadowrun ya mwaka 2007. Mwaka 2010 Rahul Sood, mwasisi wa kampuni ya kompyuta za gemu ya Voodoo, alidai kwamba mradi mwingine wa aina hiyo ulifutwa kwa sababu wachezaji hodari wa padi walikuwa wakichakazwa na watu wa kawaida wenye kibodi na mausi. Kampuni zimejifunza tangu hapo. Fortnite iligawa wachezaji kufuatana na kifaa wanachoshika mkononi, na PUBG Mobile ikawatenga wanaocheza gemu ya simu juu ya kompyuta ili wapambane wao kwa wao. Msaada wa kulenga ambao gemu huwapa watumiaji wa padi umezua ugomvi mpya, sasa wenye mausi ndio wanaolalamika.

Ugomvi huu wote, hata hivyo, ni wa gemu za bunduki. Kwenye soka na kwenye mapambano ya mikono, mchezaji wa kompyuta naye huchomeka padi, na hapo kifaa cha mkononi kinakuwa kilekile. Mkenya aliyevuma zaidi katika gemu za ushindani, Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow na aliyesajiliwa kuwa mchezaji wa kulipwa mwaka 2018, alijijengea jina kwenye Tekken, gemu ambayo mausi haina kazi. Vyumba vingi vya gemu vya Kenya, kuanzia Nairobi hadi miji ya kaskazini mashariki, vinaishi kwa soka kwanza, mengine baadaye. Hoja ya mausi dhidi ya padi ikifika huko inakuwa ya kusomwa tu.

Hoja inayofika huko na kukaa ni ya umeme.

Garissa imeunganishwa na gridi ya taifa, na tangu Desemba 2019 ina mtambo wa sola wa megawati 50 unaomwaga umeme kwenye gridi hiyo. Wajir na Mandera ni habari nyingine: kwa miaka mingi miji hiyo imetegemea jenereta za dizeli, mafuta yakiletwa kwa malori. Nje ya miji, mtu hujitegemea kwa paneli, betri na inveta. Hapo ndipo ulinganisho wa haki unapoanza, kwa sababu betri haidanganyi.

Chukua betri ya kawaida ya asidi, volti 12, Ah 100. Kwa hesabu ina Wh 1,200, ila ukitaka idumu usiitumie zaidi ya nusu, basi una Wh 600. PS4 Slim na televisheni ya kiasi vikiwaka pamoja hula karibu wati 150: una saa nne, ukiacha kinachopotea kwenye inveta. PS5 peke yake, gemu nzito ikiendelea, hukaribia wati 200. Ongeza televisheni, betri ileile inakupa saa mbili na kidogo. Kompyuta ya mezani yenye kadi kubwa ya picha inaweza kuzidi wati 300 kabla hujawasha skrini, na hiyo haifiki saa mbili. Laptopu ya ofisini iliyotumika, ile inayokula wati 40 au 50, itacheza saa kumi na mbili. Itacheza nini? PES 2013, GTA San Andreas, FIFA za zamani. Gemu za miaka ya karibuni itakataa au itazikokota hadi mchezaji achoke.

Katika hesabu hiyo, mashine inayosifiwa kuliko zote mitandaoni, kompyuta kubwa ya mezani, ndiyo inayokuwa ya mwisho. Nayo PS4, ambayo ng'ambo imeshaitwa mzee, inatoa mechi nyingi za kisasa kwa betri moja. Tuseme mechi ni shilingi 20 na inakwisha kwa robo saa: kila saa PS4 huingiza shilingi 80 kwa wati 150. PS5 huingiza shilingi 80 zilezile kwa wati 250. Mteja halipi zaidi kwa sababu nyasi za uwanjani zinaonekana unyasi mmoja mmoja.

Kuna jambo ambalo laptopu inayo na PS haina kabisa: betri yake yenyewe. Anayejua vyumba vya gemu anajua kinachotokea umeme unapokatika dakika ya 80, mechi ikiwa 2-1. Anayeongoza anadai ameshinda. Aliye nyuma anaapa kwamba angesawazisha. Desturi katika vyumba vingi ni kwamba aliyefungwa ndiye analipa na mshindi anabaki kitini, sasa nani amefungwa? Mwenye chumba anaishia kurudia mechi bure, na robo saa ya betri imekwenda bila senti. Laptopu ingeendelea kuwaka, angalau yenyewe, hata kama televisheni iliyochomekwa imezima. Kwa PS dawa ni kununua kifaa cha kushikilia umeme, na bei yake lazima iingie kwenye hesabu ya PS, siyo kuandikwa pembeni kama gharama ya duka. (Desturi hiyo ya aliyefungwa kulipa ina mjadala wake mwingine katika miji ya Waislamu. Wapo wanaoiona imekaribia mno kamari, na wenye vyumba waangalifu hutoza kila mchezaji nusu, ashinde asishinde. Kwa mfuko wa mwenye chumba haibadilishi kitu.)

Baada ya umeme, joto na vumbi. Wajir joto la mchana hupanda kupita nyuzi 30 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na vumbi halina msimu. Mashine yoyote yenye feni huvuta vumbi hilo hadi kwenye mapezi ya kupooza chipu, feni ikaanza kunguruma, kisha mashine ikajizima. Joto limewahi kuzitia hasara kampuni kubwa zenye maabara za kila aina: mwaka 2007 Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni moja kugharimia Xbox 360 zilizokuwa zikifa na kuwasha taa nyekundu.

Fundi wa simu akiletewa kompyuta ya mezani yenye tatizo hilo hufungua upande mmoja, akapuliza, akapiga brashi, akafuta dawa ya zamani iliyokauka juu ya prosesa na kupaka mpya. Kazi imekwisha. PS4 inamtaka bisibisi ya kichwa cha nyota chenye tundu katikati, subira, na kumbukumbu ya skrubu ipi ilitoka wapi. Lakini akishaifikia chipu, dawa ni ileile ya kompyuta. PS5 ni mtihani. Badala ya dawa ya kawaida, Sony iliweka metali ya majimaji, ambayo hupitisha umeme. Ikichuruzika ikagusa palipo na saketi, mashine inaweza kufa kabisa. Kwa mji ambao fundi aliyezoea PS5 huenda yuko Nairobi, siku nzima au zaidi kwa basi, hiyo ni sababu nzito kuliko fremu zozote. Padi nazo hazisahauliki: vijiti vyake huchakaa hadi mchezaji wa skrini akawa anatembea mwenyewe bila kuguswa, na vijiti vya padi za PS4 vimeenea sokoni kwa sababu mashine zenyewe ziliuzwa kwa mamilioni. Hapa uzee wa PS4 ni faida tupu.

Gemu zenyewe zinafikaje? Vifaa vya umeme vya kaskazini mashariki kwa sehemu kubwa hupitia mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na biashara ya Eastleigh ina mizizi hukohuko: Garissa Lodge, nyumba ya wageni iliyogeuzwa vyumba vyake kuwa maduka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndiyo iliyofungua njia ya majengo ya biashara yaliyojaa mtaa ule leo, bidhaa zikitoka Dubai. Diski ya PS4 husafiri katika mkondo huo bila shida. Inawekwa kwenye bahasha, inapewa dereva, inafika. Ikichosha inauzwa au inabadilishwa na nyingine. Haki hiyo karibu ipotee: mwaka 2013 Microsoft ilipanga Xbox One iwe na masharti ya kuuza diski iliyotumika na ya kuingia mtandaoni kila siku, Sony ikaisuta kwa video fupi iliyoonyesha mtu mmoja akimkabidhi mwenzake diski, na Microsoft ikarudi nyuma mwezi huohuo wa Juni.

Kwenye kompyuta haki hiyo ilishakufa bila kelele. Gemu ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, haiuzwi ikishanunuliwa, haibadilishwi, hairithishwi. Kilichobaki ni kushusha kutoka mtandaoni, na gemu kubwa ya soka ya miaka hii huomba nafasi ya karibu GB 100. Kwa kasi ya megabiti 5 kwa sekunde isiyokatika, hiyo ni saa 44 za kushusha. Isiyokatika ndilo neno gumu: minara ya simu ya Wajir, Mandera na Garissa imelipuliwa mara nyingi na Al-Shabaab, na mnara ukianguka eneo zima hunyamaza. Ndiyo maana kompyuta nyingi za gemu huko huishi kwa kunakili kutoka diski ngumu ya rafiki. Hilo ni wizi wa kazi za watu, hakuna namna ya kulipamba, na pia linazidi kuwa gumu tangu kinga ya Denuvo ianze kutumiwa na FIFA 15. PS zilizochipiwa ziko kundi hilohilo, pamoja na hatari ya kufungiwa zikiingia mtandaoni. Anayesema kompyuta ni nafuu kwa sababu gemu zake ni za bure ameingiza wizi kwenye mizani upande mmoja tu.

Hali ya mtandao inabadilika. Intaneti ya Starlink imekuwa ikipatikana Kenya tangu Julai 2023, na setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha kilomita 550 hivi, si 36,000 kama zile za zamani ambazo ujumbe wake ulichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi, muda ambao kipa ameshafungwa. Barabara ya Isiolo, Wajir hadi Mandera, mradi wa zaidi ya kilomita 700 unaofadhiliwa kwa sehemu kubwa na Benki ya Dunia, umepangiwa pia mkongo wa mawasiliano kandokando yake. Mkongo huo ukikamilika na kufanya kazi, hoja ya diski italegea.

Lakini mtandao ukija, kuna mlango mwingine. PlayStation Network haijafunguliwa rasmi kwa Kenya, kama ilivyo kwa karibu Afrika yote kusini mwa Sahara isipokuwa Afrika Kusini. Mkenya mwenye PS hujisajili kama mkazi wa Uingereza au Marekani, akanunua kadi za duka la nchi hiyo kwa mawakala wanaopokea M-Pesa, na akiibiwa akaunti hana wa kumlilia kwa jina lake halisi. Wenye kompyuta walijiona wako salama hadi Mei 2024, Sony ilipotangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye kompyuta nao lazima waunganishe akaunti ya PlayStation Network. Gemu ikaondolewa Steam katika nchi na maeneo 177 ambako huduma hiyo haipo. Sony ilifuta sharti lile baada ya siku chache za hasira za wachezaji, ila somo lilibaki: kuwa na kompyuta hakukutoi kwenye mamlaka ya kampuni ya PS.

Limebaki swali la mashine inafanya nini gemu ikizimwa. Hapa hakuna mashindano. Laptopu iliyochezewa PES usiku hutumika asubuhi kujaza fomu za mkopo wa HELB na za nafasi za vyuo za KUCCPS, kuingia eCitizen, kuandika barua ya kazi na kuichapa. Mwenye chumba mwenye laptopu mbili ana biashara ya saiba mchana na gemu jioni. PS hukaa kimya hadi shule zifungwe.

Na mfano mkubwa kuliko wote hautoki mbali. Lual Mayen alilelewa katika kambi ya wakimbizi wa Sudan Kusini kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akampatia dola 300 za laptopu, na kijana akawa anatembea saa tatu kwenda kuichaji. Humo alicheza Grand Theft Auto: Vice City, kisha akajifundisha kuandika programu na kutengeneza Salaam, gemu ya kukimbia vita na kutafuta amani. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye hafla ya The Game Awards huko Los Angeles, na alianzisha kampuni yake, Junub Games. Kama mama yule angenunua PS2, mtoto angecheza Vice City ileile, pengine kwa raha zaidi. Asingeweza kutengeneza Salaam. Kipimo chochote kinachoishia kwenye ubora wa picha hakioni tofauti hiyo.

Wengi wa wachezaji wa Tarbaj, bila shaka, hawamo katika ubishi huu. Gemu yao iko kwenye simu: eFootball, PUBG Mobile, Free Fire. Simu ina betri yake, haihitaji chumba, na imeshanunuliwa kwa sababu nyingine. Kama kuna mshindi wa jumla kwa idadi ya watu, ni hiyo, na mabishano ya PS na kompyuta yanabaki kuwa ya wale wanaotaka kukaa wawili mbele ya skrini moja, na ya wale wanaotaka kufanya kazi kwenye mashine ileile.

Kwa hao hukumu iko wazi. Anayefungua chumba cha gemu Tarbaj, Wajir au Elwak achukue PS4 Slim iliyotumika, ya kuingiza diski, aongeze padi za akiba na kifaa cha kushikilia umeme, na hesabu ya betri aifanye kabla ya hesabu ya televisheni. PS5 isubiri fundi na mtandao vifike. PS5 Pro, inayouzwa bila sehemu ya diski tangu Novemba 2024, haifai kabisa mahali ambapo gemu hufika kwa basi. Kompyuta ya mezani ya kifahari ni ya Nairobi. Mzazi mwenye mtoto wa sekondari anunue laptopu, hata nzee, hata kama mtoto atalalamika kwamba haichezi EA FC. Na wakati wa kununua aulize betri inadumu saa ngapi, kisha aizime soketi pale pale dukani ahakikishe.